Mtoto Mwerevu Asiyeweza Kusoma: Aibu Yake Hutoka Wapi?

Hakuna mwalimu aliyefundisha kwa miaka michache asiyemfahamu mtoto wa namna hii. Akiulizwa kwa mdomo, hujibu upesi na kwa usahihi. Akitumwa dukani, hujumlisha bei na kurudisha chenji bila kukosea. Akisimulia hadithi, wenzake humsikiliza. Lakini akipewa kitabu na kuamriwa asimame asome, sauti yake hukatika, kidole chake huganda juu ya mstari, na darasa zima huanza kucheka. Daftari lake la imla limejaa wino mwekundu. Mwishoni mwa muhula ripoti yake husema kwamba ni mvivu, na kwamba angefanya vizuri zaidi kama angetaka.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo, pamoja na wazazi wake na ndugu zake. Sayansi imekwisha kueleza kwa kiasi kikubwa kwa nini kusoma kunamtaabisha. Jambo ambalo halijaenea vya kutosha shuleni mwetu ni kwamba taabu ya kusoma na majonzi yanayofuatana nayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza lina asili yake katika ubongo wa mtoto. La pili, kwa sehemu kubwa, hulipata kwetu sisi watu wazima, kutokana na maelezo tunayompa juu ya kushindwa kwake. La kwanza twaweza kulipunguza kwa mafunzo ya subira. La pili twaweza kulizuia lisitokee, na kazi hiyo haihitaji fedha.

Kijana wa Seaford

Tarehe 7 Novemba 1896, jarida la chama cha waganga wa Uingereza lilichapisha taarifa fupi ya Dk. W. Pringle Morgan, tabibu wa mji wa Seaford katika pwani ya kusini ya nchi hiyo. Taarifa yake ilimhusu kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa na afya njema, macho yake yalikuwa mazima, na katika michezo hakuachwa nyuma na wenzake. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwa bidii nyingi, lakini hata maneno mafupi yalimshinda kusoma. Alipoandika jina lake mwenyewe aliandika “Precy”, wala hakuliona kosa mpaka alipoonyeshwa. Hata hivyo aliweza kuzidisha 749 kwa 867 upesi na kupata jibu sahihi. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo tu, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni.

Wakati huo hali hii iliitwa “upofu wa maneno”, istilahi iliyobuniwa na tabibu Mjerumani, Adolf Kussmaul, mwaka 1877. Mjerumani mwingine, Rudolf Berlin wa mji wa Stuttgart, aliyekuwa tabibu wa macho, alipendekeza neno jingine ambalo leo katika Kiswahili twaweza kuliandika disleksia. Waganga hao wawili walikuwa wakizungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Morgan alionyesha kwamba hali inayofanana na hiyo yaweza kuonekana kwa mtoto ambaye ubongo wake haukupata kuumizwa kamwe. Tangu siku hiyo haikuwa halali tena kusema kwamba kila anayeshindwa kusoma ni mjinga.

Ubongo na sauti za maneno

Ili kuielewa hali hii yafaa tukumbuke kwamba binadamu wamekuwa wakizungumza tangu zama za kale mno, lakini maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi tu. Kwa hiyo ubongo hauna sehemu iliyoumbwa mahsusi kwa ajili ya kusoma. Kila mtoto anapojifunza kusoma hana budi kuunganisha sehemu zilizokuwa na kazi nyingine: zile zinazotambua maumbo, zile zinazoshughulikia sauti, na zile zinazobeba maana. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa na Stanislas Dehaene na Laurent Cohen umeonyesha kwamba kwa msomaji hodari kuna eneo moja dogo, upande wa kushoto nyuma ya ubongo, linaloyatambua maneno yaliyoandikwa kwa kasi kubwa. Eneo hilo hujengeka kwa mazoezi.

Kwa wengi wenye disleksia, udhaifu huanzia upande wa sauti. Mtoto husikia vizuri na huzungumza vizuri, lakini ubongo wake huona taabu kulipasua neno katika vipande vyake. Mwambie mtoto wa kawaida wa darasa la pili aondoe “ka” katika neno “kalamu”. Atakujibu “lamu” mara moja. Mwenye disleksia huenda akasita muda mrefu, au akataja neno jingine kabisa. Ikiwa vipande vya sauti havishikiki vyema, basi herufi, ambazo ni alama za vipande hivyo, hazina mahali pa kukaa.

Udhaifu huu hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Katika uchunguzi wa mapacha uliofanywa Colorado, Marekani, na kutangazwa mwaka 1996, pacha mmoja wa kufanana alipokuwa na disleksia, mwenzake naye alikuwa nayo katika jozi 68 kati ya kila 100. Kwa mapacha wasiofanana idadi hiyo ilikuwa 38. Kuhusu wingi wa hali hii, makadirio ya wataalamu wengi ni kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100. Maana yake ni kwamba mwalimu mwenye darasa la watoto 60 huenda ana watatu hadi sita mbele yake kila asubuhi, awe anawatambua au la.

Kiswahili huficha, Kiingereza hufichua

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Maandishi ya Kiswahili yana utaratibu: irabu ni tano, na kila moja ina herufi yake isiyobadilika. Mtoto akikwisha kujua silabi, aweza kulitamka karibu kila neno. Kiingereza sivyo. Herufi “ough” hutamkwa namna moja katika neno “though”, namna ya pili katika “through”, ya tatu katika “cough”, na ya nne katika “bough”.

Mwaka 2001 kundi la watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu lililinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kitaliano, kama Kiswahili, huandikwa kwa utaratibu. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao wa nchi nyingine mbili. Lakini walipopimwa katika kuchambua sauti, wote walikuwa na udhaifu uleule, na picha za ubongo zilionyesha upungufu wa kazi katika eneo lilelile la kushoto. Naye Heinz Wimmer wa Salzburg, Austria, alikuwa ameonyesha mwaka 1993 kwamba watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani, lugha yenye tahajia ya utaratibu, hawakosei sana. Dalili yao kubwa ni kusoma polepole mno.

Kuhusu lugha yetu wenyewe, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa makosa ya tahajia ya watoto waandikao Kiswahili, na wakahitimisha kwamba kujifunza tahajia, hata ya lugha yenye utaratibu, si jambo jepesi. Mwalimu yeyote aliyesahihisha maneno kama “mbwa”, “ng’ombe” na “nyangumi” atakubaliana nao.

Tukiyaunganisha mambo haya twaweza kuona hatari iliyopo. Mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili aweza kufika mwisho wa sentensi bila kosa kubwa, ila kwa mwendo wa kobe. Mwalimu, asipoona makosa, huona uzembe. Kisha katika Tanzania mtoto huyo huingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na tahajia iliyokuwa ikimsitiri inamwacha uchi. Kijana aliyeonekana wa wastani huporomoka ghafla katika muhula mmoja. Wazazi husema amepata marafiki wabaya, na walimu husema amelewa ujana. Yeye mwenyewe, ambaye hajui neno disleksia, hufikia uamuzi mmoja tu: kwamba akili zake zimekwisha.

Jinsi aibu inavyozaliwa

Mtoto hazaliwi akijionea aibu kwa sababu ya herufi. Aibu huhitaji watazamaji. Katika miezi ya kwanza ya darasa la kwanza watoto wote hukosea pamoja, na hakuna anayejali. Baadaye wenzake huanza kusonga mbele, naye hubaki. Hapo hujiuliza swali ambalo kila binadamu hujiuliza: kwa nini mimi? Kwa kuwa hana jibu, hulipokea jibu analopewa, na aghalabu anapewa mojawapo ya mawili, ama “wewe ni mvivu” au “wewe ni mjinga”. La kwanza anajua si kweli, maana ameona anavyohangaika. Basi humbakia la pili.

Tangu hapo mtoto hutumia werevu wake wote kuficha. Mmoja hugeuka mchekeshaji wa darasa, kwa kuwa ni afadhali kuchekwa kwa hiari. Mwingine huomba ruhusa ya kwenda msalani kila zamu yake inapokaribia. Mwingine hukariri ukurasa mzima kwa kumsikiliza dada yake, kisha “husoma” huku macho yakiwa juu ya picha. Mwingine hupigana, ili afukuzwe darasani kwa ugomvi badala ya kuaibika kwa kitabu. Na yupo yule ambaye kila Jumatatu alfajiri huumwa tumbo. Tusiharakishe kumwita mwongo. Mtu anapoogopa, mwili humwaga adrenalini, moyo hupiga kasi, na shughuli za tumbo huvurugika. Maumivu hayo ni ya kweli, ingawa chanzo chake si chakula.

Hofu hiyo nayo huzidisha udhaifu ulioizaa. Akili ya binadamu hushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001, kwa kuwapima wanafunzi waliokuwa na hofu ya hesabu, kwamba wasiwasi huikalia nafasi hiyo ndogo na kuiachia kazi yenyewe sehemu finyu. Haikosi kuwa hivyo kwa msomaji: nusu ya akili inaunganisha silabi, nusu nyingine inasikiliza kama kuna anayecheka. Mwaka 2011, Jason Nelson na Hannah Harwood walijumlisha tafiti 58 na kuona kwamba wanafunzi wenye matatizo ya kujifunza, kwa wastani, wana wasiwasi mwingi kuliko wenzao.

Hatua ya mwisho ni kukata tamaa. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Marekani walieleza jaribio ambalo baadaye lilipata sifa kubwa. Mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuukwepa, walipowekwa baadaye mahali ambapo wangeweza kuruka na kuokoka, wengi wao hawakujaribu hata kidogo. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba mbwa hao walikuwa wamejifunza unyonge. Lakini mwaka 2016 watafiti hao wawili walirudi na kuisahihisha nadharia yao wenyewe: kwa mujibu wa uchunguzi mpya wa ubongo, kulegea ndiko mwitiko wa asili wa kiumbe anayeteswa kwa muda mrefu, kinachofundishwa ni kinyume chake, yaani kutambua kwamba jitihada zako zinabadili jambo.

Mwalimu na alitafakari sana sahihisho hilo. Kumwambia mtoto aliyekata tamaa “jitahidi” hakumsaidii. Lazima apewe kazi ambayo akijitahidi ataiweza, aione imekubali, na kesho apewe nyingine.

Ndani ya nyumba

Aibu haiishii langoni mwa shule. Saa ya kufanya kazi za nyumbani hugeuka saa ya vita. Mama hurudia neno moja mara kumi, mara ya kumi na moja hupaza sauti, mtoto hulia, baba hutoka nje. Wazazi huanza kulaumiana: huyu amemdekeza, yule hana muda naye. Shangazi huuliza kama mama alikula dawa fulani alipokuwa mjamzito. Jirani hunong’ona kwamba mtoto amerogwa, na fedha ambazo zingenunua vitabu hupelekwa kwa mganga. Mdogo wake akimpita katika kusoma, wakubwa humsifu mdogo mbele ya mkubwa, na upendo wa ndugu huingia ufa.

Methali zetu, ambazo zina hekima nyingi, hapa zaweza kutumiwa vibaya. “Mchelea mwana kulia hulia yeye” huhalalisha kiboko. “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo” humbebesha mama hatia isiyo yake. Methali hizo zahusu adabu na mwenendo. Kiboko hakiwezi kumfundisha mtoto kutenganisha sauti za neno, kama kisivyoweza kumfundisha asiyeona vizuri kusoma ubao kutoka nyuma ya darasa.

Mara nyingi pia mna siri ndani ya nyumba hiyo. Kwa kuwa hali hii hurithiwa, huenda mmoja wa wazazi aliwahi kuteseka vilevile. Baba anayempiga mwanawe kwa sababu ya imla labda anaipiga picha ya utoto wake mwenyewe. Nimewaona watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, waliponyamaza kwa muda baada ya kuelezwa jambo hili, kisha wakasema: basi hata mimi. Kwa wengi kauli hiyo ilikuwa faraja kubwa, na nyumbani ugomvi ulipungua.

Tukumbuke kwamba katika nchi nyingine wazazi ndio walioisukuma elimu mbele. Mwezi Aprili 1963 wazazi wa Marekani walikutana Chicago, na hapo mtaalamu Samuel Kirk akawapendekezea istilahi ya jumla ya matatizo ya kujifunza. Wazazi hao walikuwa wamechoka kuitiwa watoto wao majina ya dharau.

La kufanya

Kwanza, tusimhukumu mtoto kabla ya kuchunguza. Si kila asiyesoma ana disleksia. Njaa, utoro, macho mabovu, masikio yenye usaha, homa za mara kwa mara na darasa lenye msongamano hutoa matokeo yanayofanana. Apimwe macho na masikio kwanza.

Pili, aambiwe ukweli kwa maneno anayoyaelewa. Mzazi aweza kusema hivi: “Mwanangu, akili zako ni nzima. Kuna watu wengi ambao ubongo wao huchelewa kushika herufi, nawe ni mmoja wao. Si uvivu, wala si kosa la mtu. Utajifunza, ila kwa njia ndefu zaidi, nasi tutakwenda nawe.” Asidanganywe kwamba ana kipaji kikubwa kilichofichika, maana wenye disleksia ni kama watu wengine: wamo wenye vipaji na wamo wa kawaida. Kwamba si mjinga kunatosha.

Tatu, asisimamishwe kusoma mbele ya darasa bila maandalizi. Apewe aya fupi jana yake, aifanyie mazoezi nyumbani, kisha asome hiyo. Katika imla, mwalimu ahesabu maneno aliyoyapatia, si aliyoyakosa. Katika mtihani wa darasani wa historia au baiolojia aulizwe pia kwa mdomo, ili udhaifu wa kusoma usihesabiwe kuwa ujinga wa somo.

Nne, afundishwe sauti kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa kutumia jicho, sikio na mkono kwa pamoja. Njia hii iliendelezwa Marekani na tabibu Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Haihitaji vifaa vya gharama: mtoto aweza kuchora herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka sauti yake. Aidha, Waswahili wa pwani wana mchezo wa zamani uitwao kinyume, ambao Askofu Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha lugha cha karne ya 19. Silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzoni: “kesho” huwa “shoke”, na “nyumba” huwa “mbanyu”. Mchezo huo hudai ustadi uleule wa kuchezea vipande vya sauti. Watoto wauanze kwa maneno ya silabi mbili, bila haraka, wakicheka pamoja.

Jaribio kwa wanafunzi

Wanafunzi wa sekondari waweza kulifanya jaribio lifuatalo. Chukua gazeti, usome kwa sauti mbele ya wenzako kwa dakika moja, na mwenzako ahesabu maneno. Kisha ligeuze juu chini, usome habari nyingine kwa dakika moja, na maneno yahesabiwe tena. Baada ya hapo ujibu maswali matatu juu ya maana ya habari hiyo ya pili. Fanyeni hivyo mmoja baada ya mwingine, mlinganishe idadi, na kila mmoja aandike alivyojisikia.

Mtagundua kwamba mwendo umepungua, na kwamba maana imewapotea kwa sababu nguvu zote zimekwenda kwenye herufi. Lakini kuna jambo moja ambalo jaribio hili haliwezi kuwaonyesha. Hakuna atakayetoka darasani akijiona mjinga, kwa kuwa nyote mlijua tangu mwanzo kwamba gazeti lilikuwa limegeuzwa. Mtoto mwenye disleksia husoma gazeti lililogeuzwa kila siku ya maisha yake ya shule, na hakuna aliyemwambia kwamba limegeuzwa. Kumwambia hivyo ni wajibu wa kwanza wa mwalimu na mzazi. Mafunzo ya kusoma yatachukua miaka. Neno hilo laweza kusemwa leo.